Maji Ambayo Titus Hakuyamimina

Mwalimu Titus wa Lionja ni katekista, si padre, ila kwa waumini wa kanisa la Mtakatifu Andrea yeye ni nusu padre. Padre mwenyewe huja kwa pikipiki mara moja kwa miezi miwili, na masika yakikolea haji kabisa. Kifo hakingoji barabara ikauke. Basi mgonjwa akizidiwa, huitwa Titus. Kwa miaka thelathini amewabatiza wengi kitandani kwa maji ya kikombe. Waliokosa sauti walipepesa macho tu, naye akahesabu kuwa ni ndiyo. Nani angemlaumu?

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Titus hakuthubutu kumuuliza kama anataka ubatizo: mkewe, Mwantumu. Walioana bomani, kila mmoja akabaki na dini yake. Mwezi wa Ramadhani, Mwantumu alifunga. Kwaresima alihakikisha mumewe hagusi nyama. Kila Jumamosi alifagia kanisa lile, ambalo babu yake Titus alilichomea matofali, akafua vitambaa vya altare na kuvipiga pasi ya mkaa. Kina mama wa kanisa walimtania kwamba amebakiza kulowa kichwa tu. "Kichwa changu kikilowa napata mafua," aliwajibu.

Makaburi ya nyuma ya kanisa ni ya waliobatizwa peke yao, na aliyeisimamia sheria hiyo kwa ukali ni Titus mwenyewe. Hata hivyo, kando ya kaburi la mama yake aliacha nafasi ya watu wawili, akiamini Mungu atafanya njia. Mimi nasema alijidanganya. Lakini mwenye kupenda hujidanganya, na sisi sote tumo.

Mwaka huu figo za Mwantumu zilishindwa kazi, na hospitali ikamruhusu arudi kufia kwake. Asubuhi moja, wakiwa wawili tu chumbani, Titus akashika kikombe cha maji akauliza alichokiogopa miaka yote.

"Mke wangu, nikubatize? Tuje tulale pamoja pale nyuma."

Mwantumu hakuwa na sauti tena. Alitikisa kichwa polepole kukataa, kisha akaushika mkono wa mumewe asiuachie. Titus akakiweka kikombe chini. Kufika saa nne, mkono wa Mwantumu ulikuwa umepoa.

Adhuhuri akafika Jumaa, kaka wa marehemu, kutoka Kiegei pamoja na wazee wao. Kule kwao mwanamke ni wa ukoo wa mama yake mpaka kaburini, na kaka ndiye msemaji. Jumaa akamvuta Titus kando.

"Shemeji, niambie kweli. Ulimbatiza?"

Neno moja tu lingetosha, na hakuna ambaye angembishia. Titus alilitaka neno hilo kuliko kitu chochote duniani.

"Nilimuuliza leo asubuhi," akasema. "Alikataa."

Wakamwosha, wakamkafini, wakampeleka Kiegei. Titus alifukia udongo kwa mikono yake, na dua ilipoanza akasogea pembeni, akalia bila kujificha.

Wakati wa kuagana Jumaa akamwambia: "Shemeji, njiani tulishakubaliana na wazee. Ungesema ndiyo, tungekuachia umzike Lionja. Umemtunza vizuri dada yetu."

Titus alikung'uta udongo viganjani.

"Mngeniachia," akasema. "Na mimi ningelalaje kando yake, ilhali alikataa?"