Saa ya Fundi Mstari

Mtaani walimwita Mstari, na jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Alikuwa fundi wa kuandika mabango. Maduka, saluni, milango ya ofisi, ubavu wa malori, kote huko kulikuwa na mkono wake. Alikuwa anapiga uzi wa chaki kwanza, anarudi nyuma hatua chache, anaomba kimoyomoyo, ndipo anachovya brashi. Herufi zake zilisimama kama watoto wa shule kwenye gwaride, hakuna anayemwegemea mwenzake.

Saa yake aliipata siku aliyokwenda mjini kununua viatu. Karibu na stendi alikuta muuza saa za mitumba, amezipanga kwenye sinia, zinameta kwa rangi ya dhahabu na vioo vya mapambo. Katikati yao kulikuwa na moja nyeupe, imetulia. Haikuwa na namba. Mahali pa namba palikuwa na vistari vyembamba, na mishale miwili ya bluu, myembamba kama sindano. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kutafutwa, paliandikwa kwamba imetengenezwa Ujerumani. Mstari aliiinua, akaiangalia mpaka muuzaji akachoka kumngoja. Alirudi nyumbani na viatu vyake vilevile vya zamani. Mkewe alipomwuliza viatu viko wapi, alinyoosha mkono wa kushoto, akatabasamu kama mtoto aliyevunja kikombe.

Kinyozi wa jirani alimtania kwa miaka.

"Fundi, hiyo saa uliinunua kabla hawajaimaliza?"

"Waliimaliza," Mstari alimjibu, "ndiyo maana wakaacha."

Mkewe alimweleza wifi yake kwamba mzee anaipenda saa ile kwa sababu ya kazi yake. Mzee alikuwa anasema mtu aliyechora uso ule wa saa alijua pa kuinulia brashi, na kwamba hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote, maana kuongeza nakshi kila mtu anaweza.

Ilikuwa saa ya kutia ufunguo, haina betri. Kila asubuhi baada ya sala, kabla ya chai, alishika kile kijifundo cha ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, akakizungusha polepole mpaka kikakataa. Kilikuwa kinakataa kwa upole, alisema, kama mtu mstaarabu aliyeshiba. Hapo aliacha. Ukiiweka sikioni ulisikia inapumua haraka haraka kama kifaranga.

Kiharusi kilimpata akiwa kwenye ngazi, anamalizia bango la duka la dawa. Mungu alimhurumia, ngazi ilikuwa fupi. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi kwa kuburuta, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala mapajani. Bango lile lilimaliziwa na mtu mwingine, na herufi za mwisho zikawa zinainama.

Saa ilisimama. Mkewe alitaka kumtilia ufunguo, Mstari akakataa. "Hii niachie," alisema, na ndilo neno pekee la ukali alilomwambia wakati wote wa ugonjwa.

Mkewe ndiye pekee aliyejua alichokuwa akikifanya mumewe. Asubuhi, mlango ukiwa umefungwa, aliilaza saa juu ya mto, akakilazimisha kidole gumba cha mkono uliolala kikutane na mwenzake pale kwenye kijifundo. Wiki za mwanzo vidole viliteleza tu. Jasho lilimtoka kama mtu anayesukuma gari. Kisha siku moja kikageuka kidogo, saa ikaamka, ikaenda, na kabla haijafika saa ya chai ikalala tena. Mke na mume walitazamana, wakamshukuru Mungu.

Tangu hapo saa ikawa ndiyo inayompa habari za mkono wake. Akitia kidogo, inafika adhuhuri. Akitia zaidi, inafika alasiri. Alimwambia mkewe kwamba siku saa itakapokwenda mpaka asubuhi ya pili bila kusimama, atashika brashi. Alimwekea Mungu ahadi hiyo, akamwomba mkewe asiiseme kwa mtu, hata kwa kijana wao, kwa sababu ikishindikana hataki kuonewa huruma na nyumba nzima. Hospitali walikokwenda kwa mazoezi ya viungo, binti mmoja alikuwa anambana vidole na kushangaa. Aliwaambia mkono unarudi, waendelee na chochote wanachokifanya. Saa ilikuwa imeshafika kwenda hadi chakula cha usiku.

Kijana wao alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la saruji. Ndiye aliyekuwa anambeba baba yake kumwogesha siku zile za mwanzo, bila kununa. Naye alikuwa na macho. Kila alipokuja usiku, chakula kimekwisha, aliikuta saa imesimama, na baba ameikodolea. Moyo ukamwuma. Jumamosi moja, mzee akiwa bafuni, aliichukua dirishani akatoka nayo. Alirudi jua linapotua, amechangamka.

"Baba, leo sitaki kukuona umenuna. Shika. Hii haisimami tena, nimeitia betri. Habari ya kuhangaika na kile kidude imekwisha."

Mzee aliitazama. Mishale ya bluu haikuwepo. Palikuwa na mingine, minene, myeusi. Kijana alieleza kwamba ile ya zamani haikuingia kwenye mashine mpya, na fundi amempa hii bure. Mzee akaiweka sikioni. Kisha akaishika kwa mkono wa kulia, taratibu, akabana kijifundo, akazungusha. Kilizunguka. Kikazunguka tena, chepesi kama uzi hewani. Akaendelea, akingoja kikatae, na mkewe aliyesimama mlangoni na sinia ya vikombe alijua anangoja nini.

"Ahsante, mwanangu," alisema mwishowe. "Umenikumbuka."

Jumatatu mkewe alikwenda kuulizia mashine ya zamani kwa fundi saa, mwenye meza yake chini ya ngazi za jengo la posta. Fundi huyo alikuwa mtu mwema, na alisikitika kweli. Alisema mashine ile ilikuwa nzima kabisa, alimwambia kijana hivyo, naye akajibu kwamba mzee hana tena nguvu ya kuitia ufunguo, basi aichukue ikimfaa. Jioni ileile ya Jumamosi alipita mnunuzi wa vipuri anayezunguka miji, akaondoka nayo pamoja na ile mishale. Hakumjua jina wala alikotoka.

Mama alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda. Alisema atamwita kijana amweleze. Mumewe akatikisa kichwa.

"Usimwambie. Alifanya kwa mapenzi. Akijua, ataibeba lawama hiyo mpaka azeeke."

Mkewe alijaribu njia nyingine. Alimpa chupa za kufungua, unga wa kukanda, vitambaa vya kukamua. Mzee alifanya vyote kwa ajili yake, kwa adabu, kama mgeni anayekula asichokipenda. Lakini kifuniko kikifunguka kimefunguka, hakikwambii kama leo umezidi jana. Taratibu vidole vikajikunja. Saa iliendelea kwenda dirishani, mchana na usiku, wala haikumhitaji.

Walipokwenda tena hospitali, kijana aliomba ruhusa kazini akawasindikiza. Binti wa mazoezi aliushika mkono, akaugeuza, akauminya, uso ukambadilika.

"Mzee wangu, mara ile vidole vilikuwa vinabana vizuri. Kumetokea nini?"

Mkewe alifungua kinywa. Mumewe akamwahi.

"Uvivu, binti yangu. Nimezeeka vibaya."

Kijana alishusha pumzi. Nje, kwenye benchi, alipiga goti kumvisha baba yake kiatu, akimsemesha kwa sauti ya chini ili watu wasisikie. Alimwambia wote wanahangaika kwa ajili yake, na yeye anakaa tu. "Ungejitahidi kidogo tu, baba. Kidogo tu."

"Kweli, mwanangu," mzee alisema. "Nitajitahidi."

Kijana akamfuta vumbi kwenye suruali, akampa bega, wakaanza kutembea polepole kuelekea getini. Mama alibaki nyuma na mkoba, akijifanya anatafuta kadi ya hospitali, mpaka macho yake yakauke.