Kijiko cha Mwalimu

Pale maabara walimwita Dada Sabuni, naye wala hakuchukia. Mtu anayeosha glasi, akaitazama mwangani, kisha akaiosha tena, utamwita nani? Mwalimu wake, mzee mtani aliyempokea kazini akiwa msichana, alikuwa kinyume chake kabisa. Mezani kwake kulijaa vipande vya nikeli, makombo ya mkate, na kijiko cha chuma chenye kutu alichochotea potasi, dawa kali ya kuyeyusha majini ili yapitishe umeme.

"Mwalimu, kijiko hicho kitakuua!"

"Kikiniua, unioshe vizuri," mzee anamjibu, wanacheka mpaka basi.

Kazi yao ilikuwa moja: kuyapasua maji kwa umeme, oksijeni huku, haidrojeni kule, bila kutumia madini ya bei mbaya. Mwalimu alishikilia kwamba nikeli, ya bei poa, inatosha kuwa kichocheo cha kuharakisha kazi hiyo. Wenzake walimwona amechanganyikiwa. Lakini kwenye glasi yake mapovu yalitoka kwa fujo, tena kwa umeme kidogo tu.

Kisha figo zikamgomea. Akiwa kitandani hospitalini, akamshika Dada Sabuni mkono.

"Mwanangu, rudia lile jaribio letu. Nataka nijue kama ni kweli kabla sijaondoka."

Jamani, alivyojituma! Kwa heshima ya mzee alitaka kila kitu kiwe safi kuliko siku zote. Akaagiza potasi isiyo na doa, akabadilisha glasi, akasugua meza, na kile kijiko akakitupa kwenye pipa la taka huku akicheka peke yake. Akawasha umeme. Mapovu yakaja machache, ya kivivu. Akarudia, akarudia tena, wapi!

Angeweza kudanganya, nani angejua? Lakini hakufunzwa hivyo, na aliyemfunza ndiye huyohuyo aliyelala pale.

"Mwalimu, imekataa."

Mzee alifumba macho. "Basi tulikuwa tunajidanganya. Pole, mwanangu."

Wiki haikuisha, wakamzika.

Baada ya mazishi Dada Sabuni alirudi maabara kukusanya vitu vya marehemu. Chini ya meza akakuta chupa ya maji ya potasi aliyoyachanganya mzee mwenyewe zamani, chini yake kumetuama vumbi jekundu la kutu. Kwa uchungu tu, kama mtu anayenusa shati la aliyeondoka, akayamimina kwenye glasi, akatumbukiza nikeli ileile iliyomgomea, akawasha umeme.

Baada ya muda mapovu yakafumuka.

Akaiinua ile chupa, akalitazama lile vumbi jekundu mwangani. Kumbe ni kile kijiko! Chuma kidogo kilichobanduka kwenye kutu kilikuwa kikiingia kwenye nikeli, na viwili hivyo kwa pamoja ndivyo vilivyopasua maji. Mzee hakujua. Naye, kwa usafi wake, alikuwa amekitupa.

Alikwenda moja kwa moja kwa mjane wa Mwalimu, hata koti la kazi hakuvua.

"Mama, Mwalimu alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeharibu, Mama, mimi!"

Mjane alimfuta machozi kwa kiganja, naye yake yakimtiririka.

"Alikutaja mpaka mwisho," alisema. "Aliniambia, 'Niombee radhi kwa yule binti, nimempotezea ujana wake kwa kitu ambacho hakikuwepo.'"