Kisu changu cha anga kimechinja mbuzi

Leo kisu changu cha pambo kimechinja mbuzi.

Kile chenye umbo la chombo cha anga, ukikikunjua kinawaka taa ya kijani. Miaka mitatu sijakata nacho hata muhogo.

Asubuhi mbuzi wa jirani yetu hapa Mkunya, Mzee Baba Salma, alikula mabibo ya mikorosho mpaka tumbo likavimba. Mbuzi huyo ndiye wa hitima ya kesho ya marehemu mama yake Mzee. Akifa kabla ya kuchinjwa ni kibudu, haliwi. Na visu vyao vyote butu.

Nikatoa changu kwenye boksi, roho inaniuma. Wakusanyaji wenzangu wa visu vya pambo mnanielewa.

Mzee akasoma bismillahi, taa inawaka.

Jioni hii amekirudisha kimeoshwa, pamoja na maini.

"Mwanangu, leo ndiyo kimekuwa kisu."

Nimeshukuru kuliko siku niliyokinunua.