Tulikula Nyati, Tukanyamaza

Nyama ya nyati ina harufu yake. Ikichemka hutoa mvuke mzito unaonuka ngozi mbichi na majani yaliyolowa, na hata uitie vitunguu na dania, harufu haiondoki. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi, harufu hiyo ilitanda kilima chetu kizima, juu ya mji wa Nkubu kuelekea msitu wa Mlima Kenya, kwa siku nne mfululizo. Ilitoka jikoni kwetu, ikatoka kwa katekista, ikatoka kwa mwalimu wa darasa la tano, na kila mtoto aliyekwenda shuleni alikuwa ameagizwa nyumbani aseme kwamba kwao wamechinja mbuzi. Mbuzi wangapi hao, kilima kizima, bila harusi wala Krismasi? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila aliyekuwa na haki ya kuuliza alikuwa na sufuria yake motoni. Nikisimulia hapa mjini ninakoishi sasa, watu hucheka. Mimi sijawahi kucheka.

Ilikuwa Julai, mwezi wa ukungu na baridi ya kuuma mifupa. Nyati tuliowajua sisi walikuwa wezi wa usiku: walitoka msituni, wakala mahindi na kabichi zetu, wakarudi kabla jogoo hajawika. Huyu alikuja saa nne asubuhi, peupe, akapita katikati ya ng'ombe wa jirani bila kuwatazama. Akaingia kwenye kahawa yetu, akaanza kuzunguka, mzunguko uleule, mpaka akatengeneza njia kwenye udongo. Ute ulimning'inia mdomoni. Alikuwa akilia kwa sauti iliyokauka, kama mtu aliyepigia watu kelele kutwa nzima, kisha akaegemeza paji la uso kwenye tangi la maji na kulisukuma, kana kwamba palikuwa na mlango hapo. Kufikia saa sita miguu ya nyuma ilikuwa imelegea. Alikuwa akiiburura, na mwishowe akaanguka kwenye mtaro wa kuzuia mmomonyoko, asiweze tena kuinuka. Wanaume wakasogea na mikuki na mapanga, na mimi nikapanda juu ya ukuta wa zizi ili nione vizuri.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mkubwa pale. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya maji, na neno lake kwetu lilikuwa halirudishwi. Kando yake alisimama mdogo wake, baba mdogo Kirimi, aliyekuwa na kibanda chake pembeni mwa boma letu. Kirimi hakuwa ameoa. Alikuwa ndiye mchinjaji wa kilima, ndiye aliyenifundisha kukama, na ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto wakati wa mvua hadi nilipoanza kuona aibu. Alimtazama yule nyati kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, hii mbogo iko na shida kwa kichwa. Wacha tupigie watu wa wanyama simu." Baba hakufikiri hata kidogo. "Wakikuja wataichoma na petroli," alisema, "na hawa watoto hawajaona nyama tangu Pasaka. Wewe chinja." Kirimi akachinja. Nimesikia wengi wakisema kwamba hawakujua. Si kweli. Mmoja alijua, akasema, akaamriwa anyamaze na mkubwa wake.

Kwetu kichwa ni cha aliyechuna. Wengine walipokuwa wakibeba mapaja na mbavu, Kirimi alikiweka kichwa juu ya gogo akapasua fuvu kwa shoka, kwa maana ubongo ulikuwa utamu wake. Shoka liliteleza likamchana mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha shahada. Aliendelea kuuchota ubongo kwa mkono uleule unaovuja damu, akiimba, kisha akaniita nimfunge kitambaa. Nilikifunga mimi. Baba alikuwa akigawa nyama, na alihakikisha hakuna boma lililorukwa. "Kila mtu apate," aliwaambia vijana waliokuwa wakibeba, "hata yule hatusalimiani na yeye. Mtu akishakula hawezi kusema." Wakati ule niliona ni ukarimu mkubwa, na nilijivunia kuwa binti yake. Leo najua kwamba hakuwa akigawa nyama. Alikuwa akinunua midomo, na aliinunua rahisi.

Wiki mbili baadaye mbwa watatu wa kilima walishikwa na kichaa. Jumapili ile ofisa wa mifugo, mama mmoja mwembamba mwenye pikipiki, aliomba kusema nasi baada ya misa. Alisimama mbele ya altare akatuuliza kama kuna mtu aliyeona ng'ombe, punda au mnyama wa msitu akitembea vibaya. Kanisa zima likatazama sakafu. Akasema, na maneno yake nayakumbuka moja moja: "Mimi sio polisi. Kama ulishika mate ama ubongo ya mnyama mgonjwa na ulikuwa na kidonda, kuja kwangu, hata leo. Sindano iko. Lakini ukianza kuogopa maji, hapo hakuna daktari atakusaidia."

Kirimi alikuwa ameketi na Baba kwenye benchi ya mbele. Nilimwona akiinua mkono wa kushoto na kuutazama. Kisha akashika ukingo wa benchi, kama mtu anayetaka kusimama, na Baba, bila kugeuka, akamwekea kiganja juu ya goti. Basi. Hakumsukuma, hakumnong'oneza. Kirimi akarudi akatulia. Mimi nikafungua mdomo, na Mama akanifinya chini ya kwapa mpaka machozi yakanitoka. Kuua mnyama wa serikali ni jela, na Kirimi angeulizwa aliyekuwa naye, na aliyekuwa naye alikuwa ni kanisa lote. Yule ofisa alingoja kidogo, akatushukuru, akaondoka.

Kahawa ilipoiva mnamo Oktoba, Kirimi alianza kulalamika kwamba kovu linamwasha na mkono una ganzi. Siku ya tatu alishindwa kumeza chai. Akiletewa kikombe, koo lilijikaza, macho yakamtoka, akakitupa ukutani, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akimfokea hata ndama. Hospitalini daktari alimwuliza Baba, "Ameumwa na mbwa?" Baba akajibu, "Hapana." Wala hakusema uongo, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Kufikia hapo ukweli usingemwokoa Kirimi, lakini hata ukweli huo wa bure Baba aliuonea uchoyo. Kirimi alikufa siku ya nne ya kulazwa, amefungwa kitandani kwa shuka. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wahenga hawakukijua kilima chetu: sisi tulilia, tukazika, na bado tukaficha. Katekista alisoma kaburini kwamba marehemu aliuawa na malaria iliyopanda kichwani, na wote tuliokula tukaitikia Amina.

Nyati yule hakupimwa na mtu, kwa hiyo siwezi kuapa mbele ya hakimu. Lakini leo nina duka la dawa za mifugo mjini Embu, nimesoma na nimeuliza. Sisi wengine tulinusurika kwa sababu nyama yetu iliiva na mikono yetu ilikuwa mizima. Kirimi alikuwa na jeraha, na ubongo mbichi kiganjani. Sindano alizohitaji zilikuwa mwendo wa saa moja kutoka kwetu, na alikuwa na zaidi ya miezi miwili ya kuzifuata. Siku hizi msitu una ua wa umeme, nyati hawashuki ovyo, na mbwa wa kilima huchanjwa bila malipo. Kila mteja anayeniambia ng'ombe wake anatoa ute na pengine amekwamwa na kitu kooni, namkataza asitie mkono kinywani mwa huyo ng'ombe, na wengine huniona mkali kupita kiasi. Niite mkali. Mambo mengi yamebadilika kule nyumbani, ila ulimi.

Desemba iliyopita tulikusanyika kwa Baba. Amezeeka, meno yamebaki machache, na wajukuu humpenda kwa hadithi zake. Aliwasimulia ile ya nyati aliyekuja mchana: alivyozunguka kwenye kahawa, alivyosukuma tangi, alivyolisha kilima kizima. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu. Mwanangu mdogo akamwuliza babu yake, "Guka, na huyo Kirimi aliyemchinja yuko wapi?" Baba akasema, "Alikufa. Malaria." Nikaweka sahani chini. Nikawaambia wote, mbele yake, kilichomuua, kuanzia shoka hadi benchi ya kanisa. Mama alisimama akaingia jikoni. Baba akanitazama na kusema, "Hata wewe ulikula."

"Ndiyo," nikamjibu. "Nilikula, nikaomba niongezwe. Lakini mimi nilikuwa mtoto, Baba. Wewe ulikuwa mkubwa wake."