Mkwe wa Haido na Maua ya Korongoni

Haido hakumwamini mtu, tuseme kweli tu. Muuza samaki akiingia kijijini na gari lake, Haido huwafunua samaki mashavu mmoja mmoja mpaka muuzaji aape kwa jina la mama yake. Sahani ya sadaka ikipita kanisani, huifuata kwa jicho hadi madhabahuni. Sasa mtu kama huyo, binti yake wa pekee Anthoula amletee nyumbani Vaios, mwanamume wa kutoka tambarare za Thesalia, tena aje kukaa ukweni, unadhani ilikuwaje? Loo!

"Mwanamume anayehamia kwa mke kuna jambo analikimbia," alisema Haido siku ya kwanza tu, huku akimkatia pai ya mboga.

"Nakimbia mapishi ya mama yangu," alijibu Vaios, akacheka peke yake.

Kijiji kiko milimani, ukingoni mwa korongo la Vikos, na msitu unaoshuka humo una laana ya kanisa tangu enzi za mababu: atakayekata tawi au kung'oa mche, mwili wake usioze kaburini. Sheria ya serikali ilikuja baadaye, ikakuta msitu umeshalindwa. Watu wa huko huwafukua wafu wao baada ya miaka kadhaa na kuiosha mifupa kwa mvinyo, kwa hiyo maiti isiyooza ni aibu ya ukoo mzima, na watu huiona kwa macho yao.

Marehemu mume wa Haido alikuwa mlinzi wa msitu huo. Alipokufa, Haido alijitwika kazi yake bila kuombwa na mtu. Basi mwezi wa Mei alishuka hadi kwenye mwamba usiopata jua, kuyatazama maua ya ramonda, yale madogo ya zambarau yanayokauka kabisa kisha yakipata maji yanafufuka. Akakuta mashimo. Miche imechokolewa kwa kisu, mizizi na vyote. Maua hayo hayaoti ila kwenye milima michache ya Balkani, na wako matajiri wanaoyatafuta kwa udi na uvumba.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Haido, na moyoni alishamkamata mwizi.

Tangu hapo Vaios hakupumua. Alikung'utiwa viatu, alinusiwa koti, alipekuliwa gari. Haido hakupata kitu, na huko kutopata kitu ndiko kukawa ushahidi: mwizi hodari huyu!

"Mama, mwache mume wangu," alisema Anthoula, ambaye wakati huo alikuwa na mimba changa. "Utamfukuza."

"Asiye na kosa hafukuziki."

Haido akamwendea Padri Zisis, akataka kiapo cha zamani: kila mtu mzima aguse sanamu takatifu mlangoni pa kanisa na kusema, "Si mimi, nikidanganya, ardhi isinipokee." Kisha padri amsomee mwizi laana.

"Bi Haido, siku hizi tunawapigia simu askari wa misitu."

"Askari humfunga mtu mwaka, padri. Mungu humfunga milele."

Padri akakubali, maana kijiji kizima kilishaanza kutazamana kwa pembe ya jicho.

Jumapili wakapanga foleni. Haido akasimama kando ya sanamu, hapepesi macho. Zamu ya Anthoula ikafika. Akainua mkono, akausitisha hewani, ule mwingine ameshika tumbo. Kabla hajagusa, Vaios akamdaka kiganja.

"Ni mimi," akasema. "Nimeyang'oa mimi. Soma laana yako, padri."

Zogo likalipuka. "Si niliwaambia!" Haido alitaka kupiga kelele, akajizuia. Kwani Vaios huyo akikaribia ukingo wa korongo hurudi nyuma. Hata mnara wa kengele hawezi kuupanda! Na njia ya kwenye ule mwamba ni ukingo wa kukanyaga mguu mmoja, chini shimo tupu. Mumewe alimwonyesha Haido njia hiyo, na Haido akamwonyesha mtu mmoja tu. Alimshika mkono yeye mwenyewe, mtu huyo alipokuwa bado mtoto.

Akamgeukia binti yake. Anthoula hakuinamisha macho.

"Kwa nini?" akanong'ona Haido.

"Niliyauza ili tupate nyumba yetu, mama. Mbali na macho yako."

Padri alishafungua kitabu na kulitaja jina la Vaios. Haido akinyamaza, laana inamwangukia asiye na kosa. Akisema, inamwangukia binti na kilichomo tumboni. Haido akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Funga, padri."

"Na mashimo kachimba nani, panya?" mtu akapiga kelele.

"Nimesema funga! Kama ni lazima usome, soma jina langu."

Padri akafunga kitabu. Wiki ile ile Anthoula na Vaios walihamia mjini Ioannina, na kijijini watu wakaanza kumfuata Haido kwa macho kila alipoelekea korongoni. Sasa alijua uchungu wa kushukiwa, na ulimuuma kweli.

Mtoto alipozaliwa, Haido alioka pai akapanda basi. Anthoula akamfungulia mlango, akampa mtoto mikononi.

"Umekuja kumwona mtoto, mama, au kupekua?"

"Nimekuja kumwona mtoto," alisema Haido, na alimaanisha, wallahi alimaanisha. Lakini macho hayana adabu, jamani. Yalishafika dirishani, yanatafuta vyungu vya maua.

Anthoula aliyaona. Akanyoosha mikono, akamchukua mwanawe.