Kujisifu kwa Kiingereza

Mwaka wetu wa mwisho shuleni Kashozi, mwalimu alitufundisha Kiingereza cha kutafutia kazi. "Vacancy" ni nafasi iliyo wazi. "Apply" ni kuiomba nafasi hiyo. Hapo sikupata taabu. Kilichonivuruga ni maneno ya kujieleza: "hardworking", mchapakazi; "punctual", mtu anayechunga saa; "honest", mwaminifu. Mwalimu alisema Mzungu mwenye kazi atatuuliza sisi ni watu wa namna gani, nasi tumjibu kwa vinywa vyetu wenyewe, bila aibu. Nilijiuliza ni mtu gani mwenye akili zake anayejisifu mbele ya mgeni.

Niliporudi nyumbani Muleba nilimweleza baba. Hakujua hata neno moja la Kiingereza, lakini jambo hili alilidaka mara moja.

"Mwanawange, hiyo ni kwebuga," akasema.

Kwebuga ni desturi yetu Wahaya. Mwanamume husimama mbele ya Mukama, mfalme wetu, mkuki mkononi, akautaja ukoo wake na ushujaa wake kwa sauti ya juu na ya kasi. Akimaliza, waliokaa humwitikia kwa makofi na vigelegele. Baba alikuwa bingwa wa mambo hayo. Sikuwa na uhakika naye, ila sikuwa na uhakika na mwalimu pia, na maelezo yao yalifanana mno.

Kazi niliihitaji kweli. Kibanja chetu, migomba na mibuni yote, kilikuwa cha kaka yangu mkubwa, maana ndiye mrithi. Mimi nisipopata mshahara sikuwa na pa kusimama. Kwa hiyo tuliposikia kuwa ofisi moja mjini Bukoba inatafuta karani, baba alinifanyisha mazoezi uani mpaka koo likakauka, kisha akanipa mwavuli wake.

Mzungu wa ofisi ile alikuwa mtu mpole. Alinikaribisha kiti, akaniambia nimweleze habari zangu. Basi nikainuka. Nikaupandisha mwavuli begani, nikapiga hatua mbele, nikanguruma kwa Kiingereza kwamba mimi ni mchapakazi. Nikakanyaga sakafu. Kwamba nachunga saa! Nikakanyaga tena. Nikamtaja babu yangu na jinsi alivyomuua chui, nikamalizia na uaminifu huku ncha ya mwavuli ikielekea dari. Kisha nikasimama kusubiri makofi.

Mzungu alikuwa amesogeza kiti chake hadi ukutani. Aliniomba nikae. Halafu, kwa sauti ya chini, akaniuliza udhaifu wangu ni upi.

Nilichanganyikiwa kabisa. Nani amewahi kusikia mtu anamaliza kwebuga, anaulizwa udhaifu? Nikamjibu sina.

Nilitoka nikakaa barazani. Kijana aliyenifuata alisema maneno yaleyale, mchapakazi, mwaminifu, nayasikia dirishani, lakini kwa sauti ya mgonjwa anayeomba maji. Kazi akapewa yeye. Nilikasirika, na mpaka leo sielewi mtu anajisifuje huku amejikunyata.

Baba alinikuta uani kabla sijauweka mwavuli chini.

"Ulijisifu?"

"Nilijisifu, tata."

"Wakakuitikia nini?"

"Niliambiwa nikae."

Aliketi kwenye kigoda chake, akasema, "Hebu rudia, nisikie."

Sikutaka, lakini nilirudia. Nilisimama mbele yake nikayasema yote, Kiingereza kitupu, na chui wa babu ndani yake. Nilipomaliza, baba aliinuka akanipigia makofi kwa mikono miwili, polepole, jinsi wakubwa wanavyoitikiwa, akamwita mama atoe rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kaka yangu naye akapiga makofi. Nilikunywa huku machozi yananitoka, sijui ni ya furaha au ya nini.

Asubuhi baba alinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani la mgomba, akanisindikiza mpaka barabara ya kwenda Uganda, nikatafute kazi huko.