Kidole changu ndani ya picha

Leo wivu umenishika tangu asubuhi, sifichi.

Binti yangu Furaha, aliyeolewa Ulaya, ametuma picha. Majani mekundu yameanguka chini ya miti ya kwao, naye amekumbatia mama-mukwe wake. Ameandika: "Mimi na Mama."

Mama gani?

Nikaacha ndagala, vile visamaki vya ziwa nilivyokuwa ninaanika kwenye muchanga. Nikapiga picha ziwa letu na milima iliyoanza kuwa kijani kwa mvua hizi. Nikatuma mbio.

Kumbe kidole changu kimeziba nusu ya ziwa, tena na magamba ya ndagala juu yake. Haya ikanipata.

"Futa, mutoto wangu, nitapiga ingine."

Akajibu: "Hapana, Mama. Hiyo njo nimeweka mbele kwenye telefone yangu. Nilikuwa na hamu ya huo mukono."

Wamama wenzangu, huyo wa majani mekundu naye aonyeshe kidole chake, tuone.